Kati ya Mteremko na Mto: Mmomonyoko wa Milima ya Rungwe na Mashapo ya Mito ya Kyela katika Mtazamo wa Kihistoria

Ikisiri

Insha hii inachunguza uhusiano kati ya mmomonyoko wa udongo katika miteremko ya Rungwe, Uporoto, Bundali na Livingstone, na mashapo yanayosafirishwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hadi mbuga za Kyela na Ziwa Nyasa. Hoja kuu ni kwamba tope linaloonekana mtoni katika msimu fulani si kipimo cha moja kwa moja cha udongo uliopotea mashambani katika msimu huohuo. Kati ya mteremko na mto kuna mahali pengi ambapo udongo hutua, pengine kwa mwezi mmoja, pengine kwa karne nyingi; nao mto huchimba upya kile ulichokwisha kukiweka. Insha inaonesha kwamba kupuuza umbali na muda huo kumewafanya watunga sera wa vipindi mbalimbali kumtwika mkulima wa mlimani lawama ambayo ushahidi hauibebi yote, na kwamba kosa hilo lina gharama kwa mipango inayoandaliwa leo.

1. Utangulizi

Mvua za kaskazini mwa Ziwa Nyasa huanza Novemba na kufikia kilele kati ya Machi na Mei. Katika miezi hiyo ya mwisho mito inayoshuka kutoka Rungwe hugeuka rangi, hujaa, na mara nyingi huvunja kingo zake na kuingia katika mashamba ya mpunga na makazi ya Kyela. Maelezo yanayotolewa kuhusu hali hiyo yamezoeleka: huko juu watu wamekata miti na kulima miteremko, udongo umeshuka, mito imejaa, na kwa hiyo mbuga inafurika. Maelezo haya yana sehemu ya ukweli. Hata hivyo, yanaunganisha ncha mbili za safari ndefu bila kuuliza kilichotokea njiani.

Swali la insha hii ni la kihistoria. Tope linalopita chini ya daraja mbugani limetoka wapi, na liling'oka lini? Mwanahistoria anapokabidhiwa hati huuliza nani aliiandika, lini, na imepitia mikono ya nani. Mashapo nayo yanastahili uhakiki wa namna hiyo. Neno mashapo linatumika hapa kwa maana ya chembe zote za udongo, mchanga, majivu ya volkano na mawe zinazobebwa na maji, ziwe zinaelea ndani ya maji au zinaburutwa chini ya mkondo. Mmomonyoko ni tendo la kuzing'oa chembe hizo mahali zilipokuwa. Matendo haya mawili yanahusiana, lakini hayalingani kwa kiasi wala kwa wakati.

2. Milima, mito na mbuga

Mlima Rungwe una kimo cha takribani mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye takribani mita 474. Kati ya kilele na ufuko kuna umbali wa kilomita 50 hivi. Maji yanayoanguka juu hushuka, basi, karibu mita 2,500 katika safari fupi, kisha hufika ghafla kwenye uwanda ambao karibu hauna mteremko. Mabadiliko hayo ya mwinamo ndiyo ufunguo wa mambo mengi. Mto wenye kasi hubeba mchanga na mawe. Ukifika kwenye uwanda hupoteza nguvu na kuuachia mzigo wake. Mbuga za Kyela zimejengwa kwa namna hiyo. Ni kazi ya mito, iliyofanyika juu ya sakafu ya Bonde la Ufa inayoendelea kudidimia, tangu kabla ya jembe la kwanza kugusa miteremko ya Rungwe.

Vidakio vya mito hii havifanani. Kiwira na Mbaka hupokea maji mengi kutoka ardhi ya volkano. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa takribani miaka 4,000 iliyopita na kutapakaza mawe mepesi na majivu. Kyejo, jirani yake, ulitoa lava kwa mara ya mwisho takribani mwaka 1800. Udongo uliotokana na majivu hayo hunyonya maji kwa wingi, hivyo sehemu kubwa ya mvua huzama na kutokea tena katika chemchemi badala ya kutiririka juu ya ardhi. Lakini udongo huohuo ukilowa kupita kiasi kwenye mteremko mkali unaweza kuporomoka kwa pamoja. Songwe, ule unaoingia Ziwa Nyasa na si wajina wake unaoelekea Ziwa Rukwa, hupitia milima ya Bundali yenye miamba ya kale na miteremko mikali. Lufilyo hukusanya maji kati ya ardhi ya volkano na safu ya Livingstone, ambayo ukuta wake unasimama karibu wima juu ya ziwa.

Hata ndani ya mto mmoja tabia hubadilika. Katika sehemu za juu, Kiwira hupita kwenye makorongo ya lava ngumu, pamoja na pale penye daraja la asili linaloitwa Daraja la Mungu. Hapo hakuna nafasi ya kuhifadhi udongo, kinachoingia hupita. Chini zaidi, mabonde yanapopanuka, nafasi ya kutua ni kubwa. Mtu anayepima tope korongoni na yule anayelipima mbugani wanapima mto mmoja, lakini hawapimi kitu kimoja.

3. Historia ya lawama

Joseph Thomson alipita katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, na mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wa Berlin walianza kujenga vituo vyao huko. Wageni hawa walivutiwa na migomba iliyozunguka makazi, ng'ombe na usafi wa vijiji. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati ya 1934 na 1938, na baadaye P. H. Gulliver katika kitabu chake cha 1958 kuhusu umilikaji wa ardhi, waliandika juu ya jamii iliyoanza kubanwa na uhaba wa ardhi, huku mazao ya biashara, hasa kahawa milimani na mpunga mbugani, yakibadilisha thamani ya kila kipande. Maandiko haya yanatueleza mengi kuhusu matumizi ya ardhi. Hayatupi kipimo cha tope mtoni, na hayapaswi kusomwa kana kwamba yanakitoa.

Katika miaka ya 1930 hofu ya mmomonyoko ilienea katika utawala wa Kiingereza Afrika Mashariki. David Anderson (1984) ameonesha jinsi mdororo wa uchumi, habari za dhoruba za vumbi kutoka Marekani, ongezeko la watu na ukame vilivyoungana kuifanya hifadhi ya udongo kuwa ajenda ya dola. Tangu hapo mkulima Mwafrika alichorwa kama chanzo cha tatizo, na mto wenye tope ukawa shahidi wa upande wa mashtaka.

Mfano ulio wazi zaidi nchini ni wa milima ya Uluguru, na unafaa kusomwa na mtafiti wa Rungwe kwa kuwa huko nako kuna mteremko mkali, mvua nyingi na mito inayotegemewa na watu wa chini. Mradi wa matumizi ya ardhi ulioanzishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1940 uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Katika sehemu nyingi udongo wa juu ulikuwa mwembamba. Kuchimba matuta kuliufukia na kuleta juu udongo usio na rutuba. Upinzani ulikua hadi ghasia za Matombo za Julai 1955, ambapo polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mradi uliachwa. Kwa hoja ya insha hii, la kuzingatia ni kwamba hatua iliyogharimu kiasi hicho ilitegemea dhana kwamba udongo ukizuiwa shambani, mto utatulia. Dhana hiyo ilikuwa bado kupimwa.

4. Vipimo vya Tanzania vinasema nini

Tanzania ina historia ndefu ya upimaji wa mmomonyoko. Huko Mpwapwa, kuanzia mwaka 1933, R. R. Staples aliweka vipande vya majaribio kwenye mteremko na kulinganisha ardhi tupu, shamba, majani na kichaka. Kwenye ardhi tupu karibu nusu ya mvua ilitiririka juu ya uso wa ardhi. Chini ya kichaka kiasi hicho kilikuwa kidogo mno. Matokeo haya yalithibitisha kwa nguvu umuhimu wa kifuniko cha ardhi. Lakini kipande cha majaribio huishia kwenye mfereji wa kukusanyia maji. Kinaeleza kilichong'oka na kuvuka mita chache, wala hakielezi kilichofika mtoni.

Hatua ya pili ilikuja na utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wanajiografia wa Sweden, uliochapishwa mwaka 1972 chini ya uhariri wa Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Watafiti hawa walipima mashapo yaliyotua katika mabwawa ya Dodoma, miongoni mwayo Msalatu, Matumbulu na Ikowa. Kidakio cha Ikowa kilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 600, vingine vikiwa vidogo sana vikilinganishwa nacho. Kwa kila kilomita ya mraba, Ikowa lilipokea mashapo machache kuliko mabwawa ya vidakio vidogo. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba wakulima na wafugaji wa Ikowa walikuwa waangalifu zaidi. Kidakio kikubwa kina mahali pengi pa kutua: chini ya mteremko, kwenye nyanda za mafuriko, katika vitanda vya mchanga vya mito ya msimu. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mzigo inavyobaki njiani.

Utafiti huohuo ulitoa somo jingine kutoka Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na majani. Msituni yalikuwa machache mno. Hapa uhusiano kati ya matumizi ya ardhi na tope la mto ulikuwa wa moja kwa moja na wa haraka. Lakini ulitokana na tukio moja la saa chache, na kwa njia ya maporomoko, si kwa mtiririko wa polepole unaopimwa kwenye vipande vya majaribio. Miteremko ya Rungwe, yenye majivu mazito yanayolowa, inapaswa kufikiriwa kwa mfano wa Mgeta kabla ya ule wa Mpwapwa.

Katika tasnifu nyingi za siku hizi mmomonyoko hukadiriwa kwa mlinganyo wa Wischmeier na Smith (1965, 1978) au marekebisho yake, pamoja na picha za setelaiti. Mlinganyo huo ulijengwa kutokana na vipande vya majaribio vya Marekani, na kipande sanifu kina urefu wa mita 22 hivi. Unakadiria udongo unaoondoka kwenye kipande cha mteremko. Haukuundwa kukadiria makorongo, maporomoko, kingo za mto wala utuaji. Kujumlisha matokeo yake kwa kidakio kizima na kuyaita mzigo wa mto ni kurudia, kwa vifaa vipya, kosa la miaka ya 1930.

5. Ghala na muda

D. E. Walling alilitaja tatizo hili mwaka 1983 kuwa ni tatizo la ufikishaji wa mashapo: ni sehemu gani ya udongo uliong'oka inayofika kwenye mdomo wa kidakio? Mwaka huohuo Stanley Trimble alichapisha hesabu ya mashapo ya kijito cha Coon Creek, Wisconsin, kuanzia mwaka 1853, walowezi walipoanza kulima. Chini ya sehemu moja ya kumi ya udongo ulioondoka mashambani ilikuwa imetoka nje ya bonde. Iliyobaki ilikuwa imelala chini ya vilima na kwenye sakafu ya bonde. Aidha, baada ya hatua za hifadhi kuanza miaka ya 1930 mmomonyoko wa mashambani ulipungua sana, lakini mashapo yaliyotoka bondeni hayakupungua kwa kiwango hicho. Mto uliendelea kubeba udongo uliong'olewa na kizazi kilichotangulia.

Matokeo ya Wisconsin hayawezi kuhamishiwa Rungwe kwa tarakimu zake. Mteremko wa Rungwe ni mkali zaidi na mvua yake ni nyingi zaidi, hivyo ufikishaji unatarajiwa kuwa mkubwa zaidi katika sehemu za juu. Kanuni, hata hivyo, inahamishika. Migomba na majani chini ya shamba hudaka udongo kabla haujafika kijitoni. Mabonde yaliyopanuka hupokea mchanga. Mbuga yenyewe ni ghala kubwa kuliko zote, na kila mafuriko huweka humo tabaka jipya. Mkulima wa mpunga anayehesabu hasara ya mafuriko anahesabu pia, msimu ufuatao, faida ya rutuba iliyoletwa na maji hayohayo. Udongo unaoitwa hasara mlimani ni mtaji mbugani.

Kutokana na hayo, tope la leo lina umri mchanganyiko. Sehemu moja iling'oka juzi kwenye shamba la mlimani. Nyingine iliwekwa ukingoni na mafuriko ya zamani na kubomolewa mwaka huu. Nyingine ni majivu ya mlipuko wa kale yaliyofichuliwa na poromoko. Yote yana rangi moja machoni pa mtu aliyesimama darajani.

6. Mto unaochimba, ziwa linalopanda, mpaka unaohama

Mito ya mbugani hupindapinda. Kwenye kona ya nje mkondo hukata ukingo. Kwenye kona ya ndani huweka mchanga. Kwa hiyo mto unaweza kuwa na tope zito hata kama hakuna punje mpya iliyoshuka kutoka mlimani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na katazo hilo linagusa chanzo ambacho mjadala wa miteremko hukisahau. Ugumu ni kwamba ukingo unaohama huhama pamoja na zile mita 60.

Songwe umelifanya jambo hili kuwa la kimataifa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliufuata mto huo, kuanzia mdomo wake ziwani, kama mpaka kati ya maeneo ya dola hizo mbili. Waliouandika waliuchukulia mto kama mstari. Mto haukukubali. Kila unapokata kona na kuacha mkondo wa zamani, shamba la mtu wa upande mmoja linaweza kujikuta upande wa pili. Hali hiyo ni miongoni mwa sababu zilizozileta Tanzania na Malawi katika mpango wa pamoja wa kuendeleza bonde la Songwe, na mwaka 2017 nchi hizo zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja.

Ziwa nalo lina sauti katika hesabu hii. Ziwa Nyasa hutoa maji kupitia Mto Shire peke yake. Kuanzia takribani mwaka 1915 hadi katikati ya miaka ya 1930 mlango wa Shire uliziba, na uso wa ziwa ukapanda kwa takribani mita tano. Baadaye kina kilifikia kilele kingine karibu na mwaka 1980. Ziwa linapopanda, mwinamo wa mito karibu na ufuko hupungua, maji hukawia kutoka, na mashapo hutua mapema zaidi, ndani ya mbuga. Mafuriko na kujaa kwa mikondo vinaweza kuongezeka bila mabadiliko yoyote mlimani. Miaka ambayo hofu ya kikoloni kuhusu mmomonyoko ilikuwa ikipanda ndiyo miaka ambayo ziwa lilikuwa likipanda. Mwanahistoria anayesoma taarifa za kipindi hicho hana budi kutenganisha sababu hizi mbili.

7. Kumbukumbu zinazoweza kuhojiwa

Zipo njia za kutenganisha. Katika kina cha kaskazini mwa ziwa, ambako maji ya chini hayana oksijeni, hakuna wadudu wa kuvuruga tope. Matabaka membamba hujengeka, ya rangi nyepesi kutokana na mimea midogo ya msimu wa kiangazi na upepo, na ya rangi nzito kutokana na udongo wa mvua. Thomas Johnson na wenzake (2002) walitumia mashapo hayo kusoma historia ya tabianchi ya miaka 25,000. Historia hiyo ndefu inaonesha kwamba mashapo ya eneo hili yalibadilika mara nyingi kwa sababu za upepo, mvua na volkano pasipo mkulima.

Kwa kipindi cha karibuni, sesiamu-137 iliyotawanywa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 hushikamana na udongo wa juu. Tope lenye sesiamu limetoka kwenye uso wa ardhi. Tope lisilo nayo limetoka chini zaidi, kwenye kingo, makorongo na maporomoko. Madini nayo husaidia: majivu ya Rungwe hayafanani na miamba ya Bundali au Livingstone. Mashahidi hawa, wakisikilizwa pamoja na masimulizi ya wazee kuhusu mikondo ya zamani, ramani za mipaka na taarifa za kina cha ziwa, wanaweza kutoa historia ambayo chanzo kimoja hakiwezi.

8. Hitimisho

Insha hii haidai kwamba kilimo cha mteremko hakina madhara. Majaribio ya Mpwapwa na maporomoko ya Mgeta yanaonesha madhara hayo waziwazi, na mtu wa kwanza kuyapata ni mkulima mwenyewe anayepoteza rutuba ya shamba lake. Hiyo ni sababu tosha ya kuhifadhi udongo mlimani. Lakini ni sababu tofauti na ile ya kuzuia mafuriko au kupunguza tope mbugani, na kuzichanganya kunaharibu zote mbili. Mkulima aliyeahidiwa kwamba fanya na juu zake zitausafisha mto, kisha akauona mto bado na tope miaka kumi baadaye, ana haki ya kuacha kuwasikiliza wataalamu.

Suala hili lina uzito wa sasa. Mpango wa Songwe umekusudia mabwawa matatu. Maisha ya bwawa hutegemea mashapo yanayoingia, na makadirio yaliyojengwa juu ya vipande vya mita 22 yanaweza kuipotosha hesabu ya umri wake. Vilevile, bwawa hushika mchanga na kuachia maji yasiyo na mzigo, ambayo huchimba kingo zilizo chini yake kwa nguvu zaidi na kuinyima mbuga tabaka lake la kila mwaka. Mipango hii inahitaji hesabu inayoanzia mlimani, inayopita katika kila ghala, na inayoishia ziwani. Kyela, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe kabla ya kuwa wilaya kamili, leo hupanga mambo yake peke yake, na wilaya za juu vivyo hivyo. Maji hufuata mkondo, hayafuati wilaya. Utafiti wa historia ya mazingira ya eneo hili unapaswa kufanya hivyohivyo: kuufuata udongo hatua kwa hatua, na kuacha kuhukumu mlima kwa rangi ya mto.